Sura ya Nne: Siku ya Fomu

Omena huvuliwa usiku, mwezi ukiwa umefichama, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Kufikia alfajiri mitumbwi imerudi Usenge, na wanawake waliokuwa wakingoja ufuoni na beseni zao wameshapatana bei. Nyavu kuukuu zinatandikwa mchangani, omena wanamwagwa, wanasambazwa kwa mkono mpaka kila mmoja alale peke yake juani. Kuanzia hapo mchuuzi anashindana na saa. Jua likikaa mpaka alasiri, mzigo unafungwa kwenye magunia na kupelekwa Bondo, Kisumu, Nairobi. Mvua ikinyesha saa nane, omena walewale wanabadilika rangi, wanatoa harufu, na mnunuzi anayebaki ni mwenye kusaga chakula cha kuku. Hakuna ajuaye kuwarudisha walivyokuwa saa saba.

Haki ya mtu kuona jina lake kwenye karatasi ya kura huharibika hivyohivyo. Wanasheria huiandika kama haki ya kudumu, lakini ina siku moja au mbili tu za jua, nazo ni siku za kupeleka fomu kwa msimamizi wa uchaguzi. Ikinyeshewa siku hiyo, hukumu itakayotolewa baadaye, hata ikiandikwa vizuri namna gani, itawafaa kuku.

Huku ziwani watu ni mabingwa wa habari za kura kuibwa. Keti kwenye kibanda chochote cha chai, taja mwaka, utahadithiwa: 1988 na mlolongo wake, 2007, 2013, 2017, 2022. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, inajulikana hata na watoto wa shule. Fomu ya uteuzi haina umaarufu huo, na nadhani hapo tumekosea. Kuiba kura kunahitaji jeshi zima: makarani, mawakala walionunuliwa, gari la usiku wa manane, mtu wa kuzima taa, na wote hao wanyamaze maisha yao yote. Kuzuia fomu kunahitaji ofisa mmoja na kalamu yake. Siku ya kura ikifika mambo yanakwenda kwa amani, foleni ni fupi, waangalizi wanasifu utulivu. Wakati mwingine hata foleni haipo, maana aliyebaki peke yake amepita bila kupingwa.

Ufuo huu wa ziwa ulilipata somo hilo mapema, mwaka 1968, na kwa bei ghali.

Usenge imo Bondo, na Bondo ndiko kwao Jaramogi Oginga Odinga. Tarehe 14 Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya, akaongoza chama kipya cha Kenya People's Union, KPU, naibu wake akiwa Bildad Kaggia. Bunge halikulala. Katiba ilibadilishwa upesi ili kila mbunge aliyehama chama tawala, KANU, arudi kwa wapiga kura kuomba upya kiti chake. Ndipo Juni 1966 ukafanyika ule uchaguzi ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo. Viti 29 viligombewa, vya Baraza la Wawakilishi na vya Seneti, na KPU ikapata 9. Kitaifa ilikuwa imekatwa mbawa. Lakini Nyanza ya Kati, ambako KANU ilikuwa na jogoo wake na KPU dume lake, dume alilima shamba lote. Odinga alirudi bungeni kwa kura za kishindo, safari hii kama kiongozi wa upinzani.

Serikali ikajifunza jambo kutokana na matokeo hayo: ukimpeleka Odinga kwenye sanduku la kura huku ziwani, atakushinda. Ilibidi itafutwe njia ambayo haipiti kwenye sanduku.

Njia hiyo ilipatikana Agosti 1968, wakati wa uchaguzi wa madiwani. Ni uchaguzi ambao watu wa Nairobi huusahau, kwa kuwa wabunge hawakuwamo. Kwa mkazi wa ufuoni, halmashauri ndiyo iliyokuwa serikali aliyoigusa kwa mkono, yenye ushuru wa soko, barabara ya udongo, karo na zahanati. KPU ilijitayarisha ikasimamisha watu nchi nzima. Fomu zao zilipelekwa kwa wasimamizi wa uchaguzi, na wasimamizi hao walikuwa wakuu wa wilaya, yaani maofisa wa utawala wa mikoa waliowajibika kwa Ofisi ya Rais. Refa alikuwa ameajiriwa na mwenye timu.

Takriban wagombea 1,800 wa KPU walikataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba fomu hazikujazwa sawasawa. Za KANU zilipita.

Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya fomu zile zilikuwa na makosa. Chama kilikuwa na miaka miwili tu, kilikuwa kikinyimwa leseni za mikutano, na watu wake wengi vijijini walikuwa wavuvi, walimu wa shule za msingi na wachuuzi. Karatasi ya serikali ya wakati ule haikuwa na huruma kwa mtu aliyeacha darasa la nne. Lakini wa KANU nao walitoka vijiji vilevile na shule zilezile, wakashika kalamu zilezile. Kwamba upande mmoja wakosee watu 1,800 na upande wa pili mikono yao isiteleze, hilo halihitaji mwanasheria. Mchuuzi yeyote anayehesabu chenji kila siku ataona kuwa mizani imechezewa.

Tungeweza kubishana mpaka leo kuhusu matokeo ambayo yangepatikana kama fomu zingepokelewa, lau si jirani zetu wa Gem. Januari 1969 mbunge wao, C.M.G. Argwings-Kodhek, waziri na mmoja wa mawakili wa kwanza Waafrika nchini, alifariki. Mei mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi mdogo, na mara hii jina la mgombea wa KPU, Wasonga Sijeyo, lilifika kwenye karatasi ya kura. Alishinda. Gem ilikuwa haijabadilika tangu Agosti iliyotangulia. Kilichobadilika ni kwamba fomu ilipokelewa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Waziri Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo hadi leo wazee wanaiita Russia. Yakazuka maneno, mawe, kisha risasi, na watu wakafa barabarani. Odinga na wenzake walitiwa kizuizini. Tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Kutoka siku ya fomu hadi kifo cha chama ilikuwa miezi 14. Diwani ambaye angefungua kesi ya kupinga uchaguzi, akashinda mahakama ya kwanza, akangoja rufaa, angemaliza kesi yake akiwa mwanachama wa kitu kisichokuwapo tena.

Jambo jingine la mwaka huohuo wa 1968 halitajwi sana. Katiba ilibadilishwa tena, na mgombea wa kujitegemea akafutwa. Kila aliyetaka kugombea ilibidi adhaminiwe na chama. Chama kikibaki kimoja, mlango wa fomu unahama kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya kwenda ofisi ya chama, na pale hakuna hata haja ya kusema kwamba fomu imekosewa. Odinga aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1974 KANU ilikataa kumwidhinisha. Mwaka 1979, chini ya Rais Moi, ikakataa tena. Mwaka 1981 ilielekea angerudi kwenye kiti cha Bondo, kisha akatamka hadharani kuwa Kenyatta alikuwa mnyakuzi wa ardhi, na tiketi ikayeyuka kama barafu ya kuhifadhia mbuta. Katika miaka yote hiyo watu wa Usenge walipiga kura. Walichagua kati ya majina waliyoletewa.

Kwa hiyo kisa cha 1992 kina utamu wake. Mfumo wa vyama vingi umerudi, Odinga ana miaka zaidi ya 80, ni mwenyekiti wa FORD-Kenya, na uchaguzi umetangazwa kuwa tarehe 7 Desemba. Sheria ya uchaguzi ilikuwa ikivipa vyama muda usiopungua siku 21 wa kuteua wagombea wao. Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akatoa tangazo la kurekebisha maneno, na kirekebisho chenyewe kilikuwa kidogo mno: usiopungua ikawa usiozidi. Kwa neno hilo moja, siku 21 ziliacha kuwa sakafu zikawa dari. KANU, yenye ofisi kila tarafa, ingeteua watu wake kwa siku chache. Upinzani uliokuwa na umri wa mwaka mmoja ungekimbizana na fomu kutoka Mandera hadi Muhuru Bay.

FORD-Kenya ilikwenda Mahakama Kuu. Jaji Tom Mbaluto akaamua kwamba Mwanasheria Mkuu hakuwa na mamlaka ya kuigeuza sheria iliyotungwa na Bunge kwa kisingizio cha kusahihisha makosa ya uchapaji. Ratiba ilibidi ipangwe upya, na Wakenya wakapiga kura tarehe 29 Desemba. Odinga hakushinda urais, ingawa Bondo ilimpeleka bungeni. Na kesi ile haikuziba kila tundu: katika Bonde la Ufa wapinzani walitekwa njiani, wengine wakanyang'anywa karatasi zao kabla hawajafika mezani, na wagombea zaidi ya 15 wa KANU wakapita bila kupingwa. Hata hivyo naihesabu hukumu ya Mbaluto kuwa miongoni mwa hukumu zenye maana zaidi katika historia ya uchaguzi wetu, kwa sababu moja tu. Ilitolewa mapema, samaki wakiwa bado wabichi.

*

Hebu tuiangalie fomu yenyewe. Tuseme wewe ni mwenye mtumbwi hapa Usenge, una miaka 40, umechoka na ahadi, na chama hakikukupa tiketi. Unataka uwakilishi wadi kama mgombea wa kujitegemea, haki ambayo Katiba ya 2010 iliirudisha. Kwanza, usiwe umekuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Pili, tafuta wapiga kura 500 wa wadi yako wanaokuunga mkono, na kila mmoja aweke jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Tatu, ada ya shilingi 5,000, au nusu yake ikiwa ni mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu.

Watu 500 si wengi mpaka uwatafute. Wavuvi unawapata wakati wa mbalamwezi tu, maana usiku wa giza wako majini na mchana wamelala. Wengine wamejiandikisha kupiga kura kwao walikozaliwa. Wengine watatia sahihi kwako asubuhi na kwa mpinzani wako jioni, kwa adabu tu, ili kila mmoja aondoke na furaha. Mama mmoja atakutajia namba ya kitambulisho kwa kichwa, akikosea tarakimu moja. Karatasi zitaloa, zitanukia samaki, zitarudi kwako zikiwa na alama za vidole vya majivu.

Unafika mezani na bahasha yako.

"Mheshimiwa," karani anakwambia, maana siku hiyo kila mtu ni mheshimiwa mpaka fomu yake ikataliwe, "hapa umejiandika Ochieng. Kwenye kitambulisho ni Ochieng', na ile alama juu."

"Ni jina lilelile, dada yangu. Hata mama yangu hajawahi kuiona hiyo alama."

"Mimi najua ni lilelile. Wewe leta inayofanana."

Saa ni tisa na nusu. Meza inafungwa saa kumi.

Mtu anaweza kucheka hapa, lakini alama ile ndogo, ambayo kwa Kijaluo hutofautisha sauti mbili na kwa kompyuta huleta fujo, inatosha kumpa ofisa anayetafuta sababu sababu yake. Ofisa asiyetafuta sababu atachukua kalamu, atakuonyesha mahali pa kurekebisha na kutia sahihi, na yataisha. Kwa hiyo kanuni zenyewe hazitakuambia kama fomu yako itapita. Utajua ukishajua nani ameketi nyuma ya meza. Katiba, kwenye kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zitende haki bila kung'ang'ania mno taratibu za kiufundi. Agizo hilo ni kwa majaji, nalo ni zuri sana. Yule karani wa saa tisa na nusu hakutajwa.

Sasa umekataliwa. Uende wapi, na lini?

Wahindi walilijibu swali hili mwanzoni kabisa mwa taifa lao. Katika uchaguzi wao mkuu wa kwanza, wa 1951 hadi 1952, mtu aitwaye N.P. Ponnuswami alitaka kugombea ubunge wa jimbo la Madras kutoka Namakkal. Msimamizi akaikataa fomu yake. Ponnuswami akakimbilia mahakamani kabla ya kura, na Januari 1952 Mahakama ya Juu ya India ikamwambia asubiri. Uchaguzi ukishaanza, mahakama zisiuingilie katikati. Mwenye malalamiko aje na kesi baada ya matokeo. Ni jibu kali, lakini Wahindi waliliwekea fidia kwenye sheria yao ya 1951: ikithibitika baadaye kwamba fomu ya mgombea yeyote ilikataliwa isivyo halali, uchaguzi wote wa pale unabatilika. Huulizwi kama ungeshinda, wala kama jina lako lingepunguza kura za mtu. Kukosekana kwako kunatosha.

Kwetu Kenya fidia ya namna hiyo haipo. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinaelekeza mahakama iangalie kama uchaguzi ulifuata misingi ya katiba na kama kasoro ziligusa matokeo. Kwa kura zilizohesabiwa vibaya, kipimo hicho kinaeleweka, kwa sababu kuna kitu cha kuhesabu. Kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa kamwe, utapima nini? Kura zake ni sifuri, na sifuri haiwezi kugusa matokeo. Mwenye kunyimwa fomu anakuja mahakamani akiwa na ushahidi ambao aliyemnyima fomu alihakikisha hautakuwapo. Ninajua mawakili watajibu kwamba misingi ya katiba inatosha peke yake, na Mahakama ya Juu ilisema karibu hivyo tarehe 1 Septemba 2017 ilipofuta uchaguzi wa urais. Sawa. Lakini mvuvi wa Usenge si mgombea urais, na kesi ya mwakilishi wadi inaanzia kwa hakimu, si kwa majaji saba Nairobi.

Mahakama zetu zimechagua njia iliyo kinyume na ya India. Zinataka ulalamike kabla. Katiba, kifungu cha 88, imeipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kazi ya kutatua mizozo ya uteuzi, na sheria inaipa tume siku kumi za kuamua lalamiko likishawasilishwa. Migogoro ya ndani ya vyama ina jopo lake. Mwaka 2019, katika kesi ya Sammy Ndung'u Waity, Mahakama ya Juu iliweka msumari: mizozo ya kabla ya kura, ikiwamo ya uteuzi, imalizwe na tume au jopo, na aliyeijua kasoro akanyamaza asije kuifufua baada ya matokeo kutangazwa. Kwa lugha ya ufuoni, ukiona wingu, funika omena wako sasa hivi.

Mimi naikubali hukumu hiyo nusu. Ni kweli kwamba kesi baada ya uchaguzi ni dawa chungu. Huku kwetu Siaya tunajua: mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi wa gavana Cornel Rasanga, si kwa sababu ya fomu za uteuzi, na Oktoba wananchi wakaitwa tena kwenye foleni, wakamrudisha Rasanga yuleyule. Lakini kumwambia mtu alalamike mapema kuna maana ikiwa tu kuna muda wa kumrudisha akishinda, na hapo ndipo penye shimo.

Chukua kisa cha Reuben Kigame mwaka 2022. Ni mwanamuziki wa nyimbo za injili, haoni, alitaka kugombea urais kama mgombea wa kujitegemea. Tume ilimkataa kwa mambo ya sahihi za wanaomuunga mkono na nakala za vitambulisho. Alifanya kila kitu ambacho Waity inataka: alilalamika mapema, akaenda Mahakama Kuu kabla ya kura, na mahakama ikaona kwamba tume ilikiuka haki zake. Tarehe 9 Agosti karatasi ya kura ya urais ilikuwa na majina manne. Lake halikuwamo. Karatasi za kura zilichapishwa Ugiriki, na mashine za Athens hazingoji.

Lakini linganisha na lililotokea siku hizohizo. Mkesha wa uchaguzi uleule iligundulika kwamba karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa zilikuwa na picha zisizo zake. Tume iliahirisha kura hizo, karatasi nyingine zikapatikana, na watu wakapiga kura tarehe 29 Agosti. Mchapishaji alipokosea picha, siku 20 zilipatikana. Sijasikia maelezo ya kuniridhisha kwa nini kosa la tume dhidi ya mgombea lisipewe siku ishirini zilezile.

Wapo waliofanikiwa. Ekuru Aukot alikuwa mmoja wa wagombea urais wa Agosti 2017. Uchaguzi ulipofutwa, tume ikapanga marudio ya watu wawili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Aukot akashtaki, na tarehe 11 Oktoba Jaji John Mativo akaamuru jina lake lirudi. Lilirudi, na ya wengine yakafuata. Ajabu ya dunia ni kwamba huku kwetu ushindi huo haukuonekana. Raila alikuwa amejitoa siku moja kabla ya hukumu, na tarehe 26 Oktoba hakuna aliyepiga kura Siaya, Kisumu, Homa Bay wala Migori. Tume ilisogeza kura hadi tarehe 28, kisha ikaiahirisha bila kutaja siku. Jina la Aukot lilikuwa kwenye karatasi ambazo Usenge haikuzifungua.

Ukivuka mpaka kwenda Tanzania utakuta neno ambalo sisi hatuna kwa ukali huo: kuengua. Mgombea anaenguliwa kama povu la mchuzi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wapinzani walienguliwa kwa wingi, kwa sababu ambazo mzee yeyote wa KPU angezitambua, yaani fomu haikujazwa sawasawa. Chama cha upinzani cha Chadema kikajitoa, na chama tawala, CCM, kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka uliofuata, wabunge 28 wa CCM walipita bila kupingwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 74, inazikataza mahakama kuchunguza jambo lolote ambalo Tume ya Uchaguzi imelitenda katika kutekeleza kazi zake. Hata mahakama inapopenya, haifiki mbali. Septemba 2025 Mahakama Kuu iliamuru fomu ya urais ya Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ipokelewe. Siku chache baadaye tume ilimwengua upya kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Kwa kulinganisha, Kenya iko mbele. Refa hana tena kazi kwa Rais kwa njia ya wazi kama ilivyokuwa 1968, mgombea wa kujitegemea ana nafasi, mahakama ziko wazi, na karani anatakiwa kukupa sababu. Hayo si madogo, na yamelipiwa na watu waliokaa kizuizini. Kinachokosekana ni masharti mawili ambayo Bunge lingeweza kuyapitisha kwa alasiri moja: kwamba karatasi za kura zisichapishwe mpaka mizozo ya fomu imalizike, na kwamba fomu iliyokataliwa isivyo halali ibatilishe uchaguzi wa pale bila mtu kutakiwa athibitishe kwamba angeshinda.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Ukiwa unakusudia kugombea, usiende na fomu yako siku ya mwisho. Kusanya sahihi 700 ikiwa zinatakiwa 500. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na ile alama juu. Nenda na shahidi. Wakikukataa, usiondoke mezani bila karatasi yenye sababu, tarehe na saa, na lalamiko lako lifike kwa tume siku ileile, kabla jua halijatua.